Mguu Uliotangulia

Msomaji wangu, kama gazeti lako la wiki iliyopita lilifungiwa maandazi kabla hujafika ukurasa huu, vuta kigoda nikukumbushe.

Mimi ni Hiza, wa Mkata. Nilikuwa utingo wa fuso la mahindi. Gari likigoma mlimani, kazi ya utingo ni kuruka chini na kusukumia gogo nyuma ya tairi. Siku ile gogo lilikubali, tairi likakataa. Fuso likarudi kinyumenyume, likapanda gogo, likapanda na mguu wangu wa kulia.

Nilikatwa juu ya goti katika hospitali moja ya Korogwe, sitaitaja. Mjomba wangu Sharifu ndiye aliyeupokea mguu na kwenda kuuzika Kwamsisi, kwenye makaburi ya ukoo wa mama yangu. Kwetu Wazigua mtoto ni wa mjomba, kwa hiyo na vipande vyake ni vya mjomba. Mimi wakati huo nilikuwa nimelala kwa dawa, naota nakimbia.

Na wiki iliyopita nilikuacha pale mguu uliozikwa ulipoanza kuungua.

Hujasoma vibaya. Kigutu kimepona, kina kovu kama mdomo wa mtu aliyenuna. Kinachoungua ni unyayo. Unyayo ulioko Kwamsisi chini ya udongo, wakati mimi niko Mkata juu ya godoro. Moto unaanzia kidole gumba, unatambaa kwenye kisigino, unapanda muundi. Unawaka siku mbili tatu bila kupoa, halafu unazimika wenyewe, kama mtu amechoka kuchochea. Wiki zinapita. Halafu unawashwa tena.

Nasema unawashwa. Ndivyo ninavyousikia.

*

"Leo unaumwa wapi?" dokta Efrazia aliniuliza Jumatatu ile.

"Kwamsisi," nikamjibu.

Hakucheka. Efrazia ndiye mtaalamu wa mazoezi ya viungo pale Korogwe. Ana umri wa kuitwa dada, ila ana mikono ya kumkamua ng'ombe aliyekataa. Wagonjwa wote tunamwita dokta, na akisema "moja zaidi," wazee wa heshima wanalia kama watoto wa chekechea.

"Hiza, nimekuuliza kwa dhati."

"Na mimi nimejibu kwa dhati. Unyayo unaniungua. Na unyayo uko Kwamsisi. Ningekudanganya nikisema naumwa Korogwe."

Akaketi kwenye benchi mbele yangu, akaanza kufungua bandeji ya kigutu taratibu.

"Sikiliza. Mguu ulikatwa ghafla. Ubongo wako haujapewa taarifa ya msiba. Bado unaupigia mguu simu kila saa, na mguu haupokei. Mtu asipopokea simu, wewe unawaza nini?"

"Nawaza mabaya."

"Ndivyo ubongo unavyofanya. Unawaza mabaya, halafu unayasikia. Wengine wanasikia moto, wengine baridi, wengine vidole vimekunjwa. Ni ugonjwa unaojulikana na una dawa yake. Hakuna jini hapo."

"Sijasema jini."

"Bibi yako atakuwa amesema."

Bibi Fatu alikuwa amesema, tena mara nyingi, lakini siwezi kumsaliti bibi yangu mbele ya mwanamke aliyeshika bandeji yangu.

Efrazia akaleta kioo. Kioo kirefu kama cha kinyozi. Akakisimamisha katikati ya mapaja yangu, kigutu kikafichwa nyuma yake, mguu mzima wa kushoto ukabaki mbele.

"Tazama ndani ya kioo. Usitazame pengine. Sasa cheza vidole polepole."

Nikatazama.

Msomaji, mimi ni mtu wa utani. Nilitania hata theatre, ndani ya chumba cha upasuaji, nikamwambia daktari akate huu, ule una kucha nzuri. Lakini pale utani uliniishia mdomoni. Maana ndani ya kile kioo mguu wangu wa kulia ulikuwa umerudi. Uko pale pale ulipokuwa, una rangi yake, una vinyweleo vyake. Na ulikuwa unacheza vidole.

Marehemu alikuwa ananipungia.

"Pumua," Efrazia akasema. "Sasa kunja unyayo. Kunjua. Unasikia nini?"

"Unapoa," nikasema, na machozi yananitoka bila ruhusa yangu. "Dokta, wallahi unapoa."

"Haya. Si uchawi huo. Ni macho tu yanaupelekea ubongo taarifa."

Ndipo mlango ukafunguliwa, akaingia Evodia kwa magongo, jasho tele.

Evodia ni mgonjwa mwenzangu. Mama wa makamo, mzaliwa wa kambi za mkonge. Babu yake aliletwa kukata mkonge, akazaa, akazikwa, na kambi hawajaitoka mpaka leo. Yeye alikatwa siku ile ile niliyokatwa mimi. Tukatoka theatre kama mapacha, mimi wa kulia, yeye wa kushoto. Nilishamwambia tuwe tunanunua jozi moja ya viatu tugawane.

"Samahani dokta, nimechelewa," akasema huku akijitupa kwenye benchi. "Nilimpelekea Laurenti uji. Anapanga kuni za tanuru tangu alfajiri, hata mate ya kumeza hana." Laurenti ni mdogo wake, mfyatua matofali. Akanigeukia. "Pacha, vipi moto wako?"

"Umepoa sasa hivi. Nimeuona mguu kwenye kioo."

"Bahati yako. Mimi wangu una baridi. Tangu masika yaanze, nahisi kama nimesahau mguu ndani ya kisima. Nalala na blanketi, natandika blanketi hata mahali pasipo na kitu. Watu wananicheka."

"Uliuzika wapi?"

"Laurenti ndiye anayejua. Alisema amenisitiri hapo hapo kambini, mahali pazuri, nisihangaike kuuliza." Akacheka. "Wadudu wake watajuta. Watatafuna weee, wakutane na chuma!"

Na kweli. Evodia mguu wake ulivunjika zamani, akawekewa chuma kwenye muundi, kikakaa vibaya, skrubu ya juu ikapinda, mguu ukaota usaha mpaka ukakatwa. Alishatuonyesha picha yake ya eksirei kama wengine wanavyoonyesha picha za harusi.

Nilikuwa bado nacheka naye pale moto uliporudi.

Haukuja kama siku zote. Ulikuja wote kwa pamoja, kisigino na vidole na muundi, kama mtu ameusukumia mguu mzima jikoni. Nikapiga yowe. Kigutu kikaruka chenyewe. Kioo kikaanguka sakafuni, kikapasuka.

Kila kipande pale chini kikawa na mguu wake.

*

Efrazia alifagia vipande bila kunisema. Hilo liliniumiza kuliko kama angenitukana.

"Alhamisi wanakuja wapimaji wa miguu ya bandia," akasema mwishowe. "Unajua hilo."

"Najua."

"Wanashika kigutu, wanakikandamiza, wanakizungushia plasta. Anayeruka kama ulivyoruka hapimwi. Nafasi yake anapewa mwingine, na wao sijui watarudi lini."

"Dokta, sijaruka mimi. Ni mguu."

"Basi mwambie mguu atulie mpaka Alhamisi."

Na hapa nikukumbushe kwa nini Alhamisi hiyo ilikuwa roho yangu. Kuna binti wa Kwedizinga anaitwa Yusra. Kabla ya fuso, tulishafika mahali pa kutuma washenga. Baada ya fuso, baba yake, mzee Muhsin, alituma jibu moja tu: "Kijana aje mwenyewe kwa miguu yake, tutazungumza."

Miguu. Kwa wingi. Mzee yule hakusoma sana, lakini hesabu ya miguu anaijua.

Na Yusra aliniambia kwenye simu kwamba kuna mtu mwingine anakuja kwao. Ana duka na ana miguu.

Nikiwa mlangoni Efrazia akanishika bega.

"Hiza. Maumivu yanasikiliza habari. Ukiuambia ubongo kuna moto, utakuletea na moshi. Usiwaache wakujaze maneno huko nyumbani. Umenielewa?"

"Nimekuelewa dokta."

Nilimwelewa. Lakini kuelewa ni kwa mchana.

*

"Ameukunja," Bibi Fatu akasema jioni hiyo, kabla hata sijaketi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mume wangu. Nasema Sharifu ameukunja. Nimemwambia tangu mwanzo. Mguu hauzikwi kama muhogo. Unanyooshwa, unaelekezwa, unawekewa udongo laini. Yeye alichimba kishimo cha kuku. Sasa ona, unakudai."

"Dokta anasema ni ubongo."

"Ubongo umezikwa Kwamsisi?"

Bibi yangu hajafika hata darasa la nne, lakini angekuwa wakili, mahakama zingefungwa.

Mjomba Sharifu alikuwa ameketi kwenye kizingiti, anachokonoa meno, anajifanya hayupo.

"Sikuukunja, mama," akasema taratibu.

"Apa."

"Mama, mambo ya kuapa..."

"Apa, Sharifu!"

Mjomba hakuapa. Akatazama kandambili zake. Na mimi, ambaye unyayo wangu ulikuwa unachemka kama maharage, nikamtazama yeye. Nilitaka sana awe ameukunja. Kama ameukunja, basi unakunjuliwa, yanakwisha, Alhamisi napimwa.

"Mjomba," nikasema, "twende tukautazame."

"Kaburi halifukuliwi, mpwa wangu. Ni makosa."

"Hilo si kaburi," bibi akadakia. "Mwenye kaburi huyu hapa anakunywa chai. Na ninyi mkishindwa, nitakwenda mwenyewe na jembe langu, watu wa Kwamsisi wanione."

Mjomba akainuka kutafuta jembe. Dunia nzima anaweza kuikatalia, lakini aibu ya Bibi Fatu kuonwa na jembe Kwamsisi haiwezi.

*

Jumatano asubuhi, jua limeshapanda, tulikuwa makaburini. Mjomba alinipakia kwenye pikipiki, bibi akaja na ya kukodi, jembe kalishika wima kama bendera.

Mvua za masika zilikuwa zimeacha nyasi hadi kiunoni. Mguu ulizikwa pembeni kabisa, bondeni, nje ya safu za wakubwa. Mjomba alikuwa ameweka jiwe. Kaburi fupi. Ukiliona ungedhani ni la mtoto, na moyo ungekuuma kwa mtoto yule.

Nikasimama kwa magongo juu yake.

Umewahi kusimama juu ya kaburi lako, msomaji? Hujui utoe salamu au uitikie.

Bibi akasoma Fatiha. Mjomba akachimba. Udongo ulikuwa mzito, umelowa, na kila jembe lilipotoka shimo lilijaa maji polepole. Chini ya ile ardhi kulikuwa na maji. Maji ya baridi. Tone lilinirukia mkononi, nikasisimka mwili mzima.

Wazo likanipita, dogo kama sisimizi. Mguu wangu huwa unaungua. Utaunguaje ndani ya maji?

Nikalifukuza.

"Mjomba, uliukunja?"

Akaacha kuchimba. Akajifuta uso kwa mkono wenye tope, akabaki na alama kama mtu aliyepigwa kibao.

"Sikuukunja. Wallahi sikuukunja. Niliuchimbia urefu wake wote."

"Kwa nini hukuapa juzi?"

"Kwa sababu kama mama angeniuliza niliuweka ubavu gani, nisingejua. Sikuufungua." Akamtazama bibi kwa jicho la kuomba. "Maiti haifunuliwi njiani, mama. Ndivyo tulivyofundishwa. Nilipewa umefungwa kwa shuka, nikauheshimu, nikauleta, nikauzika na shuka lake. Sikuutazama hata kucha."

"Ulipewa na nani?" nikauliza. Sijui kwa nini niliuliza. Mdomo uliuliza wenyewe.

"Na mhudumu wa theatre. Tulikuwa watu wawili mlangoni. Mimi na kijana mmoja Mkristo, alikuwa analia sana, anasubiri wa dada yake. Mhudumu akatoka na shuka la kwanza, akasema aliyetangulia apokee. Nilikuwa nimetangulia mimi."

"Ukapokea."

"Nilimpisha."

Bibi akageuza kichwa taratibu.

"Ulifanya nini?"

"Nilimpisha, mama. Mtu analia mbele yako, unamwambia subiri zamu? Nikamwambia, tangulia ndugu yangu, pole sana. Akachukua, akaenda. Mimi nikachukua wa pili." Sauti yake ikapungua. "Ilikuwa adabu tu."

Hata ndege nadhani walikuwa wanasikiliza.

Mjomba akainua jembe haraka, kama mtu anayetaka kumaliza mazungumzo, akalishusha.

*Kang'!*

Siyo mlio wa jiwe, wa jiwe naujua. Hii ilikuwa sauti ya ukulima kukutana na ufundi.

Mjomba akapiga magoti, akaingiza mikono ndani ya maji. Akapapasa. Akatoa shuka, au lililokuwa shuka. Na ndani ya lililokuwa shuka, mifupa, myeupe, imelowa, na juu ya mfupa wa muundi kimelala chuma kirefu chenye matundu, kimeshikwa kwa skrubu.

Skrubu ya juu imepinda.

"Hiza," bibi akasema, kwa mara ya kwanza bila kuniita mume wake. "Lini walikuwekea chuma?"

"Hawajaniwekea chuma, bibi."

"Basi huyu ni nani?"

*

Nilimpigia Evodia nikiwa nimekaa kwenye nyasi, magongo yamelala huku na huku, mguu wake uko juu ya kanga ya bibi mbele yangu. Jua lilikuwa linaukausha.

"Pacha!" akapokea kwa furaha kabla sijasema hodi. "Nilikuwa nakutafuta nikuambie, hutaamini! Baridi imekatika! Hata saa haijafika. Nipo hapa naosha vyombo, mara nasikia mguu unapata jua. Jua kabisa, kama nimeuanika!"

Nikautazama mguu juu ya kanga.

"Haloo? Hiza? Au moto umerudi?"

"Dada Evodia." Nikaigusa skrubu ile. "Chuma chako. Skrubu iliyopinda ni ya juu au ya chini?"

"Ya juu. Si nilikuonyesha picha? Kwa nini?"

"Niko Kwamsisi. Tumefukua mguu wangu."

"Eti mmefanya nini? Ninyi Wazigua ninyi!" Akaanza kucheka. Kicheko kikaenda, kikaenda, kikafika mahali kikasimama. Nilisikia sahani ikiwekwa chini.

"Hiza," akasema kwa sauti ndogo. "Una nini mbele yako?"

"Wewe."

Nilisikia pumzi zake. Nadhani na yeye alisikia zangu. Msomaji, ningeweza kukaa pale nikimsikiliza tu mpaka jioni, maana nilijua swali linalofuata, na sikutaka lifike.

Likafika.

"Sasa kama mimi niko huko," akasema, "wewe uko wapi?"

"Muulize Laurenti."

"Laurenti!" nikamsikia akiita, na magongo yake yakigonga udongo, kwa haraka, kwa haraka zaidi. "Laurenti! Njoo hapa! Acha hizo kuni, njoo! Mguu wangu uliuzika wapi? Usinitazame hivyo, nimekuuliza! Wapi?"

Kukawa na maneno ya mbali nisiyoyapata. Halafu Evodia akalia, mlio mmoja tu, mfupi, kama mtu aliyekanyaga msumari. Simu ikabadilisha mikono.

"Ndugu yangu," sauti ya kiume ikasema. "Mimi ni Laurenti. Naomba unisikilize kwanza ndipo unitukane."

"Sikutukani. Sema."

"Kambi si yetu. Tumezaliwa hapa lakini ardhi si yetu, hata ya kupanda mchicha tunaomba. Niliambiwa makaburi ni ya watu wazima, siyo ya kipande. Nilizunguka na ule mguu kutwa nzima, kaka. Kutwa. Unajua kuzunguka na mguu wa dada yako kwenye baiskeli? Mbwa wananifuata. Nikatafuta mahali ambapo mbwa hatafukua, mtu hatachimba, na nitakuwa naulinda mwenyewe kila siku."

"Wapi, Laurenti?"

"Nilidhani ni wa dada yangu. Ningejua ni wa mtu..."

"Wapi?"

"Chini ya tanuru."

Mjomba, aliyekuwa ameinamisha sikio karibu na simu, akakaa chini kwenye tope.

Tanuru la matofali. Linapangwa, linajazwa kuni, linawashwa, linawaka siku mbili tatu mchana na usiku. Halafu linaachwa lipoe. Wiki zinapita wakati anafyatua mengine. Halafu linawashwa tena.

"Juzi Jumatatu uliliwasha," nikasema. Sikuwa nauliza.

"Alfajiri nilikoka moto mdogo wa kukausha, mchana baada ya uji nikaliwasha lote. Kuni zilikuwa mbichi, likazimika jana. Umejuaje?"

Nikaviona tena vipande vya kioo sakafuni kwa dokta, kila kimoja na mguu wake.

Nikajishika. Nikamkumbuka dokta Efrazia na mkono wake begani kwangu. Maumivu yanasikiliza habari. Nikatazama mahali ambapo mguu wangu haupo, juu ya nyasi za Kwamsisi, nikausikiliza kwa makini kama mtu anayesikiliza mlango.

Kimya. Umepoa. Tangu asubuhi ile haukuwa umenigusa, na kwa pupa ya jembe na chuma hata sikuwa nimetambua.

"Laurenti, sikiliza," nikasema, na nilianza hata kutabasamu, maana Alhamisi ilikuwa kesho na njia ilikuwa imeonekana. "Sina ugomvi na wewe. Leo hii mjomba wangu anakuja Korogwe na jembe. Utamwonyesha mahali, atautoa, na huu wa dada yako tunauleta kwa heshima zote. Sawa? Kesho mimi na dada yako tunapimwa miguu mipya, yamekwisha."

Nikasikia hatua zake, zikasimama.

"Laurenti?"

"Kaka," akasema. "Yale ya Jumatatu hayakuiva. Matofali ya watu yako ndani, mwenyewe anayataka wiki ijayo. Leo nimeleta kuni kavu."

"Usiwashe."

"Kaka..."

"Laurenti, nakuomba kwa Mungu wako na wangu. Usiwashe."

Nyuma ya sauti yake, sasa kwa kuwa nilijua la kusikiliza, niliisikia. Ile sauti ya kuni kavu inapoanza kuzungumza.

"Nilikuwa nimeshachomeka kijinga cha moto mdomoni mwa tanuru, dada aliponiita," akasema Laurenti.

Bibi Fatu alikuwa ananitazama usoni. Mjomba alikuwa ananitazama usoni.

Nikafumba macho. Nikajiambia ni ubongo. Ni ubongo, Hiza, umejazwa maneno, unaletewa moshi tu.

Kidole gumba kikaanza kupata joto.